Majuto ya Bush kuhusu kauli zake za vita, naona yanaishia mdomoni

Kazi yangu ni kutafsiri na kufundisha tafsiri, na kila mwaka wanafunzi wapya nawapa kauli moja ya Rais George W. Bush ya Julai 2, 2003. Aliulizwa kuhusu mashambulizi dhidi ya askari wa Marekani kule Iraki, akasema wapo wanaodhani hali inawaruhusu kutushambulia, jibu langu ni kwamba, bring 'em on. Mmoja ataandika "waje", mwingine "walete", ila kuna binti aliandika "wajaribu waone" na darasa likanyamaza, maana ndo yenyewe kabisa, ni kauli ya mtu anaekunja mikono ya shati yuko tayari kupigana. Tatizo ni kwamba alieitamka alikua Ikulu ya Washington, na ambao wangejaribiwa ni vijana wa miaka 20 wanaopiga doria barabarani Baghdad.

Na haikua mara ya kwanza. Septemba 16, 2001, siku tano tu baada ya mashambulizi ya New York na Washington, aliiita vita dhidi ya ugaidi "crusade". Mmarekani analitumia neno hilo hata kwa kampeni ya kupinga sigara, lakini ukilivusha kuja Kiswahili au Kiarabu linatua moja kwa moja kwenye Vita vya Msalaba, vile vya kale vya Wakristo dhidi ya Waislamu, na mtafsiri huna pa kukimbilia. Siku mbili baadae msemaji wake, Ari Fleischer, ikabidi aseme rais atasikitika kama neno lile limewakera washirika wao. Katikati hapo, Septemba 17, Bush akasema Osama bin Laden anatakiwa akiwa hai au maiti, kama yale matangazo ya zamani ya kusaka majambazi. Sisi huku jina la Osama tulilijua tangu Agosti 7, 1998, balozi za Marekani Nairobi na Dar zilipolipuliwa wakafa watu zaidi ya 200, wengi Wakenya, kwahiyo ile hasira naielewa vizuri sana.

Sasa majuto yenyewe. Mei 25, 2006, akiwa Ikulu na Tony Blair, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, mwandishi akawauliza ni makosa gani wanayajutia zaidi. Bush akazitaja mwenyewe zile kauli, akasema maneno makali yale yalipeleka ujumbe mbaya kwa watu, na kwamba amejifunza kujieleza kwa ustaarabu zaidi. Mpaka hapo namheshimu, viongozi wengi hawafiki hata hapo. Ila akaendelea, kwamba sehemu fulani za dunia kauli zile zilieleweka vibaya. Isome polepole hiyo. Kosa limeshahama kutoka kwa msemaji limeenda kwa msikilizaji, na mimi siwezi kukubaliana nae kwasababu "wajaribu waone" ilieleweka vizuri tu, Baghdad waliielewa na mama wa askari kule Ohio nae aliielewa.

Novemba 2008 akarudia tena kwenye mahojiano na CNN, akasema mkewe Laura alishamkumbusha kwamba rais lazima awe makini na anachosema, wakati huo askari wa Marekani waliokufa Iraki walishapita 4,000 na Wairaki ni makumi ya maelfu. Januari 12, 2009, siku nane kabla hajaondoka, akakiri wazi kwamba baadhi ya kauli zake zilikua kosa, na lile bango la "kazi imekamilika" lililotundikwa kwenye manowari Mei 2003 alipohutubia kwamba mapigano makubwa Iraki yamekwisha, nalo lilikua kosa. Uamuzi wa kuingia Iraki wenyewe hakuuweka kwenye hesabu hiyo, aliendelea kuutetea.

Ndo maana siku hizi jibu lake la 2006 nimeliingiza kwenye zoezi. Kila mwaka kuna wanaoandika "naomba radhi", wanaona aibu kumwacha rais bila hilo neno, na kila mwaka nalikata kwa kalamu nyekundu, kwasababu hakulisema.