Kuvuta kigari nyuma ya motahomu: "weka nyutro twende" na uongo mwingine

Wakuu, sisi tuliokulia bongo tumeona magari yakivutwa kwa kamba mpaka kwa fundi, mmoja kashika usukani, gia iko nyutro, hazadi zinawaka, basi. Sasa mtu akishazoea maisha ya Marekani akajinunulia motahomu, lile basi lenye kitanda na jiko na choo, anataka na kigari cha kuvuta nyuma ili akishapaki kambini asianze kung'oa basi zima kwenda kununua mkate, na hapo anakuja na akili zake zile zile za kamba. Wenyeji hicho kigari wanakiita chura, kwa sababu kwa Kiingereza "kilichovutwa" na "chura" vinatamkwa sawasawa. Shemeji yangu alinunua chura wake kwa kigezo kimoja tu, kawe kadogo na kasile mafuta, giaboksi ikafa hata safari ya kwanza haijaisha.

Maana kosa kubwa ndo hilo, kuamini kwamba nyutro ni nyutro. Kwenye gari nyingi za oto ile pampu inayosukuma oili ndani ya giaboksi inazungushwa na injini, kwa hiyo injini ikizimwa pampu imelala, lakini matairi yako chini yanazunguka na yanazungusha vyuma vya ndani, vinasagana vikavu kwa masaa sita ya hawei. Kwa fundi ni kilomita mbili mwendo wa kobe, ndo maana hukuwahi kuona madhara. Giaboksi za CVT, zile oto zisizo na gia za kubadilika hatua kwa hatua, nazo hivyo hivyo, kwa hiyo wewe uliyezoea Vitz ukadhani kagari ka aina hiyo ndo kanafaa kwa kuwa ni kepesi, pole sana.

"Basi nachukua manyuali." Hapo uko karibu na ukweli, manyuali nyingi gia zake zinajirushia oili zenyewe zikizunguka, ila sio zote zimeruhusiwa, na kitabu cha gari ndo chenye neno la mwisho. Na ukisoma kitabu usome vizuri, kuna sehemu ya kuvutwa kwa dharura, masafa mafupi spidi ndogo, na kuna sehemu ya kuvutwa safari nzima magurudumu yote manne yakiwa chini. Watu wanasoma ile ya kwanza wanafunga kitabu.

Halafu usiamini jina la gari. Honda CR-V ndo mfano ninaoupenda. Mpaka ya mwaka 2014 ilikuwa inavutika kabisa japo ni oto, ina utaratibu wake tu, unapitisha gia zote, unamalizia D kwenda N, unaiacha injini inguruma dakika tatu ndo unazima, na usizidi maili 65 kwa saa. Ya 2015 wakaweka CVT, ikawa marufuku. Jina lile lile, umbo karibu lile lile, na muuzaji anakwambia "CR-V zote zinavutwa hizi" huku anakukabidhi ufunguo.

Wengine wanasema gari la fowili halivutwi. Inategemea fowili gani. Jeep Wrangler ina ile gia ndogo ya pembeni yenye nyutro yake, ukiiweka hapo matairi yanakuwa hayana habari na giaboksi kubwa, na kama ni oto unaiacha kwenye P, ndiyo, P, na linavutwa siku nzima. Ndo maana kambini huku Wrangler zimejaa kama bodaboda stendi. Ila zile za matairi manne kuvuta muda wote, ambazo hazina hiyo nyutro, nyingi hata kwenye kitoroli cha kunyanyua matairi ya mbele haziruhusiwi, kwa sababu ya mbele yamesimama ya nyuma yanazunguka na kile kiungo cha katikati kinaungua. Za umeme kama Tesla sahau, mota imeungana na matairi, yakizunguka inazalisha umeme na joto, hizo zinapanda juu ya trela. Prius nayo usiiguse. Lakini usikariri kwamba haibridi zote, yaani za injini na mota ya umeme pamoja, hazifai, Ford Fusion Hybrid watu wamezivuta miaka na miaka.

Sasa uzito. Hichi ni kile chuma cha nyuma ya basi cha kufungia kinachovutwa. Utasikia mtu "hichi yangu imeandikwa pauni 5,000", ambayo ni kama kilo 2,270, kwa hiyo anatafuta gari la pauni 4,900 na amani moyoni. Hiyo ni nguvu ya chuma tu. Basi lenyewe lina uzito wake wa mwisho pamoja na kile linachovuta, na ukilijaza kuna hesabu inabaki. Chukua basi linaloruhusiwa pauni 22,000 lenyewe na 26,000 pamoja na mzigo wa nyuma, likijaa imebaki 4,000 tu, hata hichi iseme nini. Na linajaa haraka, galoni 100 za maji peke yake ni zaidi ya pauni 800. Wrangler ya milango minne inapita 4,000, umeona shida inapoanzia.

Breki ndo pananikera kuliko pote. "Basi langu lina breki kubwa, litasimamisha vyote." Breki za basi zimepigiwa hesabu ya basi. Ongeza tani mbili zinazokusukuma mgongoni kwenye mteremko uone. Majimbo mengi yanadai breki ya kinachovutwa kuanzia pauni 3,000, mengine 1,500. Na hata kama jimbo lako halidai, funga ile inayokanyaga breki ya kigari na wewe ukikanyaga ya kwako, pamoja na waya wa kukisimamisha kikichomoka. Ukijumlisha hayo na chuma cha kuvutia, cha kufunga mbele ya kigari na nyaya za taa, ni dola elfu kadhaa juu ya bei ya gari, kwa hiyo yule anayesema chura ni njia ya bei chee hajapiga hesabu.

Eti odometa inapanda? Za kisasa ukizima swichi kwa kawaida haipandi, ila matairi yanakwisha kama kawaida.

Na rivasi hamna. Kigari kikiwa chini magurudumu yote, ukirudi nyuma hata mita chache matairi yake ya mbele yanakunja yanavyotaka na chuma kinapinda. Ukiingia petroli stesheni isiyo na pa kutokea, unashuka, unakifungua, unakisogeza, unatoa basi, unakifunga tena, na foleni nyuma yako inapiga honi.