Bagi za kufuli kwenye kerneli (kiini) ya Linux: dhana potofu na ukweli

Kufuli (lock) linahakikisha data inaguswa na mmoja kwa wakati. Bagi tunayoizungumzia ni pale kazi inapojifungia yenyewe: inasubiri kufuli ambalo haliwezi kuachiwa mpaka yenyewe iendelee, na mashine inaganda.

Dhana: thredi (mkondo mmoja wa kazi) ikishika kufuli halafu ikalitaka tena lilelile, we weka tu kufuli linalokubali kushikwa mara mbili na mwenyewe.
Ukweli: hapana jamani. Spinloki (kufuli ambalo anayelisubiri anazunguka tu bila kulala) na mutexi (ambalo anayelisubiri anaweza kulala) za Linux zinakataa makusudi kabisa, maana kufuli linalinda data ambayo iko katikati ya kubadilishwa, sasa ukirudi ndani kwa mlango wa pili unakuta listi imeungwa nusu na unaendelea nayo kama iko sawa. Mashine ikiganda angalau unaona, data ikiharibika kimyakimya utahangaika sana. Linux walishakuwa na kufuli la hivyo, Big Kernel Lock, liliingia toleo la 2.0 mwaka 1996, kazi ya kuling'oa ikaja kuisha 2.6.39, 2011! Dawa ni kuigawa fankisheni: ya nje inashika kufuli, ya ndani inafanya kazi tu na mwanzoni mwake unaandika lockdep_assert_held, inayohakiki kwamba kufuli limeshikwa.

Dhana: kabla ya kushika, angalia kwanza kwa mutex_is_locked (inayouliza kama mutexi imeshikwa), ukikuta limeshikwa ruka.
Ukweli: hiyo inakwambia kuna mtu amelishika, haikwambii ni wewe.

Dhana: interapti (kifaa kikikatiza CPU kiombe huduma) ikigongana na kufuli, weka spin_lock_irqsave (inayoshika kufuli na kuzima interapti za CPU hiyo) kwenye hendla, yaani fankisheni inayoihudumia interapti.
Ukweli: hapa ndo wengi wanapotea. Hendla haina kosa, kosa ni msimbo wa kawaida ulioshika kufuli huku interapti ziko wazi, interapti ikaja CPU ileile, hendla inasubiri kufuli ambalo msimbo ulioshika hauwezi kuliachia mpaka hendla imalize. Kwa hiyo irqsave inakaa upande ule wa kawaida.

Dhana: kwangu haijawahi kuganda, iko poa.
Ukweli: kerneli iliyojengwa kwa CPU moja bila preempt (kerneli kukatiza kazi ili kuweka nyingine), spin_lock haisubiri chochote, bagi inajificha. Washa CONFIG_PROVE_LOCKING, ile lockdep (kikaguzi cha kufuli ndani ya kerneli) ya Ingo Molnár iliyoingia 2.6.18 mwaka 2006, yenyewe haisubiri ajali: ikiona kufuli limeshikwa interapti zikiwa wazi, na baadaye sana limeshikwa ndani ya interapti, inapiga kelele "inconsistent lock state" hata kama hakuna kilichoganda.

Dhana: kmalloc (fankisheni ya kuomba memori) haihusiani na kufuli.
Ukweli: umeshika kufuli la failisistimu, umeomba memori kwa GFP_KERNEL (ombi la kawaida, linaloruhusu kerneli kusafisha memori kwanza), memori imebana, kerneli inarudi kwenye failisistimu ileile kusafisha na kulitaka kufuli lako. Tangu 4.12 (2017) zungushia sehemu hiyo memalloc_nofs_save, inayozuia kurudi kwenye failisistimu, na memalloc_nofs_restore ukimaliza.