Wakazi wameridhika, au wameridhia tu?

Nyumba za ruzuku, zile ambazo sehemu ya gharama yake hulipiwa ili wenye kipato cha chini wazimudu, zikishajaa, haichukui muda kusikia kwamba wakazi wameridhika. Ushahidi? Hakuna anayehama, na orodha ya wanaosubiri ni ndefu. Hapo yamechanganywa maneno mawili.

Kuridhika kwa wakazi ni kadiri nyumba, huduma zake na mahali ilipo vinavyolingana na mahitaji na matarajio ya kaya. Pengo kati ya kilichopo na kinachotarajiwa likipungua, kuridhika kunaongezeka.

Kuridhia ni jambo jingine. Maneno yote mawili yanatoka kwenye mzizi wa Kiarabu uliotupa pia radhi na ridhaa, lakini Kiswahili kimeyatenga kwa viambishi. Bunge huridhia itifaki, mpangaji huridhia mkataba: huko ni kutoa kibali, na kibali hutolewa hata kwa shingo upande. Kuridhika, lenye -ik-, hutaja hali ya moyo, nayo haitiwi saini. Familia ya watu sita ikikubali chumba kimoja kwa kuwa kodi ya kwingine haiimudu, imeridhia. Kama imeridhika, bado hatujui.

Katika miaka ya 1970, watafiti wa Marekani Earl Morris na Mary Winter walieleza kwamba kaya isiyopendezwa na makazi yake huweza kuhama, kuifanyia nyumba marekebisho, au kujirekebisha yenyewe, kwa mfano kwa kushusha matarajio. Sasa mtazame mpangaji wa kipato cha chini. Akihama, mara nyingi anapoteza ruzuku. Kuvunja ukuta au kuongeza chumba, mkataba kwa kawaida unakataza. Inabaki njia ya tatu, na matarajio yaliyoshushwa yakifika kwenye dodoso husomeka kama kuridhika. Hilo ndilo kosa ninalotaka lieleweke zaidi ya yote.

Swali moja la jumla, kama “Umeridhika na nyumba yako?”, hasa likiulizwa na ofisi inayoweza kumtoa mtu ndani ya nyumba, litajibiwa kwa woga. Aulize mtu wa nje, bila kuandika majina, na si wiki ya kukabidhiwa funguo. Mvua ipite kwanza, paa na mifereji vijaribiwe. Mambo yatenganishwe: nyumba yenyewe, matengenezo, mahali, majirani, gharama, kila moja kwa alama 1 hadi 5. Halafu wastani usiaminiwe peke yake. Kaya iliyotoa 5, 2, 1, 4 na 3 ina alama 15 kati ya 25, yaani asilimia 60; iliyotoa 3 kila mahali nayo ina asilimia 60. Ya kwanza inaipenda nyumba lakini iko mbali na kazi, shule na zahanati, tatizo la kawaida pale nyumba zinapojengwa kwenye ardhi ya bei nafuu pembezoni mwa mji. Kupaka rangi upya hakutaisaidia.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi wa ripoti, kama unachojua ni kwamba nyumba zote zina watu, andika kwamba zote zina watu. Ukitaka kuandika “wameridhika”, waulize kwanza.