Je, wajua kwanini Wareno waliiteka Sofala ya dhahabu na dhahabu yenyewe ikawapita pembeni?

Ukicheza gemu za kujenga himaya, au ukisoma hadithi za dunia za kubuni, kuna kitu kinajirudia sana: koloni la pwani lenye mali. Wageni wanashuka na meli, wanajenga ngome, wanapandisha bendera, na kuanzia siku hiyo dhahabu inaanza kumiminika kwenye stoo yao. Sasa pwani yetu hii iliwahi kupata tukio kama hilo la kweli kabisa, mwaka 1505, pale Sofala, na mambo hayakwenda hivyo hata kidogo. Ngome ilijengwa, bendera ilipanda, mtawala wa pale aliuawa, lakini dhahabu waliyoifuata Wareno kutoka mwisho wa dunia ikaanza kupungua mbele ya macho yao. Kwanini?

Sofala iko Msumbiji ya leo, kusini kidogo ya Beira. Ukifika pale utaona mchanga, mikoko, na bahari yenye kina kifupi iliyojaa mafungu ya mchanga ambayo nahodha asiyeyajua anakwama mchana kweupe. Sio bandari nzuri kusema ukweli. Lakini jina lake lilikuwa kubwa miaka mia kadhaa kabla ya Mreno yeyote kuliona, mwandishi Mwarabu al-Masudi kwenye karne ya 10 alishaandika kuhusu Sofala na dhahabu yake, na msafiri wa Morocco Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 mfanyabiashara mmoja akamwambia kwamba Sofala ni mwendo wa nusu mwezi kutoka Kilwa, na kwamba vumbi la dhahabu linaletwa Sofala kutoka sehemu inaitwa Yufi, mwendo wa mwezi mzima ndani ya bara. Hapo kwenye mwendo wa mwezi mzima pashike vizuri, maana ndipo siri yote ilipo.

Kilwa ndo walikuwa wenye biashara ile. Kuna simulizi iliyoandikwa na Mreno João de Barros, kwamba mvuvi wa Kilwa alivutwa na samaki mkubwa halafu mkondo ukamsukuma mpaka Sofala, akakuta watu wa Mogadishu wananunua dhahabu pale, akarudi kumweleza sultani wake, na tangu hapo Kilwa wakaingia kwenye ile biashara na kuishika. Iwe ilitokea hivyo au haikutokea, matokeo yake yapo Kilwa Kisiwani mpaka leo, jumba la Husuni Kubwa la sultani al-Hasan ibn Sulaiman lenye vyumba zaidi ya mia na bwawa la kuogea la pembe nane, na pesa ya shaba ya sultani huyohuyo iliokotwa Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe ndani ya bara, karibu kilomita 400 kutoka baharini. Kwangu mimi ile pesa moja inaeleza uhusiano wa pwani na bara kuliko vitabu vingi.

Wareno walizipata habari hizi mapema. Mfalme wao alimtuma Pêro da Covilhã mwaka 1487 apeleleze njia za biashara za Bahari ya Hindi, akajifanya mfanyabiashara, akafika mpaka Sofala kabla ya kuishia Uhabeshi ambako alizuiliwa asiondoke tena. Alafu akaja Vasco da Gama, na mwaka 1505 wakaja na nguvu zote. Julai mwaka ule Francisco de Almeida aliivamia na kuipora Kilwa, na Septemba Pêro de Anaia akatia nanga Sofala.

Mtawala wa Sofala alikuwa Sheikh Yusuf, mzee sana na kipofu, na aliwaruhusu wajenge. Watu wengi wanashangaa hapo, aliwaruhusuje? Kwa wanavyosimulia Wareno wenyewe, mzee alipiga hesabu kwamba homa ya pale itafanya kazi ambayo mishale isingeweza. Na homa ikafanya kazi kweli, ndani ya miezi michache askari wengi walikuwa wamelala hoi na wengine wamezikwa. Mwaka 1506 watu wa Sheikh wakaivamia ngome, wakarudishwa nyuma na mizinga, Wareno wakaenda nyumbani kwake usiku, yule mzee kipofu akapigana kwa kurusha mikuki kufuata sauti na akamjeruhi Anaia, kisha akauawa. Anaia naye hakumaliza mwaka, homa ikamchukua. Wareno wakaweka mtawala mwingine waliyemtaka, Sulaiman, na kwenye makaratasi Sofala ikawa yao.

Mwaka huohuo ofisa mmoja wa Kireno, Diogo de Alcáçova, akamwandikia mfalme wake ripoti kwamba wakati wa amani Sofala inatoa miskali milioni moja mpaka milioni moja na laki tatu za dhahabu kwa mwaka. Miskali moja ni kama gramu 4 na kitu, kwa hiyo anaongelea zaidi ya tani 4 kila mwaka, na wanahistoria wengi wanaona hiyo hesabu imetiwa chumvi. Ila fikiria mfalme yuko Lisbon anasoma hiyo barua, atakubali vipi kuambiwa kwamba stoo ya Sofala inapokea kijisehemu kidogo tu cha hicho?

Sababu ya kwanza na kubwa kuliko zote ni kwamba Sofala haikuwa na dhahabu. Narudia tena, haikuwa nayo! Dhahabu ilikuwa ndani huko kwenye nyanda za juu za Zimbabwe ya leo na milima ya Manica, kwa watu wanaoongea Kishona, na Sofala ilikuwa mlango wa kutokea tu, na ukikamata mlango ambao wenye nyumba wana milango mingine mitano basi hujakamata kitu.

Na hata huko ndani usidhani kulikuwa na mgodi mmoja mkubwa wenye geti na mlinzi ambao mtu angeweza kuuteka. Dhahabu ile ilikuwa kazi ya wakulima. Mvua zikiisha na mavuno yakiingia ghalani, familia zinashuka mtoni kuosha mchanga kwenye vibakuli, au zinachimba mashimo membamba kufuata mwamba, wanawake wakiwa sehemu kubwa sana ya nguvu kazi hiyo, wanapata vumbi kidogo wanalihifadhi ndani ya mirija ya manyoya ya ndege. Mvua zikirudi kila mtu anarudi shambani. Kwa hiyo kiasi cha dhahabu kilitegemea kama mwaka huo watu wana sababu ya kuitafuta, na sababu hiyo ilikuwa vitu vya kubadilishana. Mtu ana chakula, ana ng'ombe, dhahabu kwake haina kazi kubwa, anaichimba kwa sababu kuna nguo na shanga anazozitaka. Hakuna nguo, hakuna kuchimba. Basi.

Hapo ndo Wareno waliumia vibaya. Vitu walivyotoka navyo Ulaya havikuwa na soko pale, watu walitaka vitambaa vya pamba vya Khambhat kule Gujarat na shanga za India, tena kwa rangi na aina maalum ambazo zilikuwa zinajulikana kwa vizazi. Waswahili waliyajua hayo kwa undani wa ajabu. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika miaka ile ya mwanzo, anaeleza kwamba Waislamu wa Sofala walikuwa wanalima pamba na kufuma vitambaa vyeupe, na kwa kuwa hawakuwa na rangi ya buluu, walichukua vitambaa vya buluu vya Khambhat, wakavifumua uzi kwa uzi, wakavifuma upya pamoja na uzi wao mweupe wakapata kitambaa cha rangi mbili. Hebu fikiria kazi hiyo. Huyo ni mfanyabiashara anayemjua mteja wake mpaka kwenye uzi, utamshindaje kwa kuwa na mizinga tu?

Wareno mwanzoni walipata nguo kwa kuteka vyombo vya Waswahili na kupora mizigo, ambayo ni njia rahisi lakini haidumu, maana ukishamaliza kuwapora wanaoleta nguo hakuna tena anayeleta nguo. Alafu wakaweka sheria kwamba biashara yote ya dhahabu ni ya mfalme, bei anapanga ofisa wa ngome, na maofisa wenyewe nao wakawa wanafanya biashara zao za pembeni. Mtu katembea mwezi mzima na mirija yake ya dhahabu anafika anakuta stoo haina nguo anayoitaka na bei haina mjadala. Mwaka unaofuata atakuja tena?

Hakuja, na hakuwa na haja ya kuja, kwa sababu Waswahili walishahamisha njia. Kaskazini kulikuwa na Angoche, mji ulioanzishwa na watu wa Kilwa waliohama, ukakua haraka sana miaka hiyo kwa sababu vyombo vilikuwa vinashusha nguo pale na mizigo inaingia bara kupitia bonde la Zambezi bila kuikaribia ngome ya Sofala. Wareno wakagundua, mwaka 1511 wakaishambulia Angoche na kuichoma, na bado biashara ikaendelea. Pwani yote ile ni mikoko, visiwa, midomo ya mito na vijito, na kwa mtu aliyezaliwa pale dau linapita popote. Bendera ya mfalme haiwezi kukaa kwenye kila kijito.

Kuna kingine ambacho mara nyingi hakisemwi, biashara ilikuwa imeshaanza kuhama yenyewe kabla Wareno hawajafika. Great Zimbabwe ilishapungua nguvu kwenye karne ya 15, na dola ya Mutapa ilikuwa kaskazini zaidi karibu na Zambezi, kwa hiyo mto ule ukawa njia fupi kuliko kushuka mpaka Sofala. Na huko ndani kulikuwa na vita, Alcáçova mwenyewe kwenye ileile barua anaeleza ugomvi wa mtawala wa Mutapa na mtemi mwasi aliyeitwa Changamire uliokuwa umevuruga biashara kwa miaka kama 12. Baadaye mtawala mmoja aliyekaa katikati ya pwani na Mutapa, anaitwa Nyamunda, akazifunga kabisa njia za kwenda Sofala. Wareno wamekaa kwenye ngome yao wanasubiri dhahabu, na mtu anayeamua kama itapita yuko siku kadhaa ndani ya bara, hawamfikii na mizinga yao haimfikii.

Ilibidi watafute mtu wa kwenda kuangalia. Wakamtumia António Fernandes, aliyekuwa mhukumiwa aliyepelekwa Afrika kama adhabu, na kati ya 1511 na 1515 hivi alitembea bara akafika mpaka nchi ya Mutapa, akarudi na maelezo ya masoko na watawala, na alikuta wafanyabiashara Waislamu wapo kwenye masoko hayo wanaendelea na kazi zao. Naona huyu jamaa aliwaelewesha wakubwa wake zaidi ya kapteni yeyote wa Sofala, kwamba ukitaka dhahabu lazima uingie ndani na uishi na watu.

Kwenye miaka ya 1530 Wareno wakajiweka Sena na Tete kwenye Zambezi, miji ambayo Waswahili walikuwa wanafanya biashara tayari. Ila tamaa ya kuishika migodi yenyewe haikuisha. Mwaka 1561 padri Gonçalo da Silveira aliuawa kwenye ikulu ya Mutapa, na hiyo ikawa sababu ya kuandaa jeshi. Francisco Barreto akaondoka Lisbon mwaka 1569 na watu kama elfu moja, wakakaa Sena, farasi wakaanza kufa mmoja mmoja na askari pia. Tunajua leo kwamba ni ugonjwa wa mbung'o kwa farasi na malaria kwa watu, lakini wao wakasema Waislamu wa Sena wamewawekea sumu, wakawaua kwa mateso mabaya sana. Watu waliokuwa na ujuzi wote wa njia ile na biashara ile, wakauawa kwa kosa la mbu. Inaniuma kila nikisoma sehemu hiyo. Barreto mwenyewe alifia Sena mwaka 1573.

Aliyechukua nafasi yake, Vasco Fernandes Homem, akapitia Sofala, akapigana na mtawala wa Kiteve, ufalme uliokuwa kati ya pwani na Manica, njiani, na hatimaye akafika Manica. Baada ya miaka karibu 70 tangu Anaia atie nanga, hatimaye jeshi la Wareno limesimama mbele ya dhahabu yenyewe. Walichokiona ni watu wanachimba vishimo na kuosha udongo kwa mikono, siku nzima kwa punje chache. Wakaona kwamba kuifanya hiyo kuwa migodi mikubwa kungehitaji vifaa na watu ambao hawana, wakageuka wakarudi pwani.

Sofala haikufa moja kwa moja, iliendelea na pembe za ndovu, lakini makao makubwa ya Wareno yakawa Kisiwa cha Msumbiji ambacho kina bandari ya maana. Ngome ya Anaia iliendelea kuliwa na bahari na mawe yake mengine yakaja kuchukuliwa kujengea kanisa kuu la Beira. Dhahabu ya Manica yenyewe ipo mpaka leo, wachimbaji wadogo wanaichimba pande zote mbili za mpaka wa Msumbiji na Zimbabwe, wengi wao bado kwa koleo na karai la kuoshea mchanga.