Kutoka Kilwa hadi mashamba ya miwa ya Morisi

Tarehe 14 Septemba 1776, Sultani wa Kilwa alifunga mkataba na mfanyabiashara Mfaransa, Morice: watumwa 1,000 kila mwaka, kila mtu kwa piasta 20, sarafu za fedha. Morice alitaka kuwapeleka kwenye visiwa vya Wafaransa, hasa Île de France, ndiyo Morisi ya leo. Wengi waliopitia Kilwa walitoka bara, miongoni mwao Wamakua na Wayao.

Tukieleza historia hii makumbusho, mimi huanza na mawe, sukari baadaye. Morisi ni kisiwa cha volkano, na udongo wake umejaa mawe meusi. Kabla ya kupanda miwa, mawe yaling'olewa kwa mikono na kurundikwa. Malundo hayo, kazi ya watumwa na ya vibarua waliowafuata, bado yamesimama katikati ya mashamba.

Kisha kuna kinu cha kukamulia miwa. Muwa ukishakatwa haungoji; ukichelewa kukamuliwa, maji yake huchacha. Kwa hiyo msimu wa kuvuna ulikuwa wa kukesha. Aliyesinzia huku akilisha miwa kwenye magogo ya kinu, mkono ulivutwa ndani. Wenzake walikoroga masufuria ya maji ya miwa juu ya moto usiozimwa.

Watu walitoroka. Sheria ya Wafaransa ya 1723 iliamuru mtoro aliyepotea mwezi mzima akatwe masikio na kupigwa chapa begani. Akirudia, akatwe mshipa wa nyuma ya goti. Mara ya tatu, auawe. Hata hivyo watoro waliendelea kukimbilia mlima wa Le Morne, na neno letu lenyewe, mtoro, linawafaa sawasawa.

Waingereza walikiteka kisiwa mwaka 1810. Ushuru wa sukari ya Morisi ulipopunguzwa mwaka 1825, miwa ikameza mashamba mengine yote. Utumwa ulikomeshwa huko tarehe 1 Februari 1835. Bunge la Uingereza lilitenga pauni milioni 20 za fidia kwa makoloni yake, na zaidi ya milioni 2 zikaenda Morisi. Waliolipwa ni mabwana. Aliyeng'olewa kwao na kufanyishwa kazi bure maisha yake yote hakupewa hata senti, na akalazimishwa kumtumikia bwana yuleyule hadi 1839, eti kama mwanagenzi. Kwangu mimi hili ndilo jambo zito kuliko yote katika historia ya sukari.

Wenye mashamba walikuwa wameshageukia India. Novemba 1834 meli ya Atlas ilileta vibarua 36 wa mkataba kutoka Calcutta. Hadi 1920 walikuwa wamefika karibu nusu milioni. Hawa walikuwa na mshahara, lakini aliyekosa kazi siku moja alikatwa malipo ya siku mbili. Walipewa vibanda vilevile walimolala watumwa, na mawe yaleyale ya kung'oa.