Je, wajua kwa nini uso uliolainishwa kwenye picha hugeuka kuwa wa mdoli?

Babu alipofariki, tulipeleka studio picha yake ndogo ya kitambulisho ikuzwe, tuitundike sebuleni. Ilirudi kubwa, safi, na ngeni. Sugu ya sijida iliyokuwa katikati ya paji la uso wake haikuwepo tena, na mashavu ya mzee wa miaka sabini na kitu yalikuwa nyororo kama ya mtoto. Shangazi aliitazama kwa muda, kisha akasema, "Anafanana na Baba." Hakusema ni yeye.

Fundi hakuwa na nia mbaya. Alibonyeza kitufe cha kulainisha ngozi, na kitufe kile hakijui babu wala sijida. Kwa kompyuta, uso ni vijiraba vidogo viitwavyo pikseli, na kwa kawaida kila kimoja hubeba namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kuanzia 0 hadi 255. Katika ngozi halisi namba hizo hupanda na kushuka kila hatua, kwa sababu kuna vitundu vya jasho, vinyweleo laini vya malaika na mikunjo myembamba. Njia rahisi ya kulainisha ni kuchukua namba za pikseli zilizo jirani na kuzipa wastani wao. Chunusi hutoweka kwa kuwa namba zake zimezama ndani ya za majirani. Shida ni kwamba vitundu na malaika navyo vimezama humo humo. Kinachobaki ni rangi isiyo na umbile la ngozi, na ndivyo plastiki ilivyo. Sisi tumetazama nyuso tangu tukiwa mgongoni kwa mama, kwa hiyo tunaligundua kosa hata kama hatuwezi kulitaja.

Kwa ngozi nyeusi hasara ni kubwa zaidi, na hili ndilo linaloniuma. Mwanga unapopiga ngozi, sehemu ndogo tu, kama asilimia 4 hadi 5, hurudi pale pale juu bila kuingia ndani. Kiasi hicho hakitofautiani sana kati ya mweusi na mweupe. Mwanga mwingine huingia, hukutana na melanini, na unaotoka tena ndio unaotupa rangi ya mtu. Melanini ikiwa nyingi, mwanga unaotoka ndani ni mchache, hivyo ule mng'ao wa juu hujitokeza kwa nguvu. Mng'ao huo ndio unaochora mfupa wa shavu, mgongo wa pua na duara la paji la uso. Programu huuona kama mafuta ya kufutwa. Ikishaufuta, uso hulala bapa kama chapati, na mara nyingi fundi hujaribu kuuokoa kwa kuung'arisha, mpaka mtu anatoka na rangi ambayo hata mama yake hakumzaa nayo.

Kurekebisha nyuso hakukuanza na kompyuta. Zamani za filamu, fundi alichukua negativu, ambamo giza ni mwanga na mwanga ni giza, akachonga penseli yake vizuri na kupaka risasi ya penseli juu ya mstari wa kunyanzi. Pale alipopaka, mwanga ulipita kidogo, na kwenye picha kunyanzi likafifia. Kuongeza giza, alikwangua negativu kwa kisu chembamba. Kosa moja la mkono na negativu imeharibika, kwa hiyo aliutazama uso ule kwa makini kabla ya kuugusa.

Photoshop, programu ya kompyuta ya kurekebisha picha, ilipotoka mwaka 1990, kufuta kukawa rahisi. Kulikuwa na brashi ya muhuri, inayonakili ngozi ya sehemu moja na kuibandika nyingine, lakini kiraka kilionekana kama mwanga wa sehemu hizo mbili haulingani. Toleo la 7, la mwaka 2002, likaleta brashi ya kuponya. Hiyo huchukua umbile la ngozi kutoka unapoielekeza, kisha hulipatanisha na rangi na mwanga wa pale inapolibandika. Chunusi huondoka, vitundu vinabaki.

Mafundi wazuri hukaa kwenye wazo hilo hilo. Huigawa picha katika matabaka mawili: la chini lina rangi na vivuli vilivyofifishwa, la juu lina vitundu, malaika na mikunjo tu. Baka chini ya jicho hulainishwa kwenye tabaka la chini, na la juu haliguswi. Ni kazi ya saa nzima, pengine zaidi, kwa uso mmoja. Wengi wao hufuta tu kile ambacho kingepona chenyewe baada ya wiki mbili, kama chunusi au mchubuko. Kovu la utotoni, chale na doa la kuzaliwa huachwa, labda mwenyewe aombe.

Tulirudi studio. Kwa bahati fundi alikuwa amefanya kazi juu ya nakala, na picha ya awali ilikuwa bado chini yake haijaguswa. Alipunguza ukolezi wa nakala ile iliyolainishwa hadi chini ya nusu, kisha akatoboa sehemu ya paji la uso ili ile ya awali ionekane. Aliniuliza sugu ilikuwa upande gani hasa, maana hakuwahi kumwona Babu. Nikamwonyesha kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta.