Huu mpira bado wa nini?

Kila asubuhi tunapopokezana zamu katika wodi ya wanaume hapa Kisumu, nasimama mbele ya kila kitanda chenye mfuko wa mkojo na kumuuliza mwenzangu aliyekesha: huu mpira bado wa nini? Mara nyingi hana jibu. Mzee aliletwa hajitambui, akawekewa katheta, yaani mpira wa kutoa mkojo kwenye kibofu, usiku uleule. Siku ya pili akazinduka, akaomba uji, akaulizia ng'ombe wake. Leo ni siku ya tano na mpira bado uko.

Siku hizo si bure. Mkojo unapotoka wenyewe husafisha njia yake, lakini mpira huwapa bakteria ngazi ya kupandia, nje yake na ndani yake. Wakishafika hujenga utando telezi ambao dawa hupenya kwa shida. Kwa kila siku moja, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Mpira ukikaa mwezi, karibu kila mgonjwa ana bakteria hao kwenye mkojo.

Wengi wao hutoka tumboni mwa mgonjwa mwenyewe, kama E. coli. Wengine tunawapeleka sisi kwa mikono yetu, na kwa jagi la kumwagia mkojo wa mifuko. Jagi hili linaniuma. Nimefanya kazi mahali ambapo moja tu lilizunguka wodi nzima, kitanda hadi kitanda, na bomba la kila mfuko likigusa ukingo wake. Kila mgonjwa awe na chombo chake, bomba lisiguse kitu, na glavu zibadilishwe kabla ya kumwendea jirani.

Kuna kosa jingine ambalo lawama yake ni yetu. Kijana alikuwa akimsukuma babake kwenye kiti cha magurudumu kwenda eksirei, akampakatisha mfuko mapajani ili usiburute chini. Mkojo uliokwisha kutoka ukarudi kwenye kibofu. Hakuna aliyekuwa amemweleza. Sasa siku ya kwanza kabisa naionyesha familia, kwa Kiswahili au Kijaluo: mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu, mrija usijikunje, na usichomolewe kwenye mpira.

Wapo wanaouhitaji kweli: aliyezibwa na tezi dume, au mahututi ambaye mkojo wake hupimwa kila saa. Lakini kulowesha shuka pekee si sababu. Kuna kopo la kukojolea, kuna nepi, kuna mpira wa kuvalisha nje kama kondomu. Ndiyo, zinatuongezea kazi, na usiku tukiwa wawili kwa wodi iliyojaa najua uzito wake. Hata hivyo, homa ya maambukizi hutuongezea kazi zaidi, na humuumiza mgonjwa.

Daktari hupita mara moja kwa siku. Sisi ndio tunaouona mfuko saa zote. Kwa hiyo nasema bila kungoja kuulizwa: “Daktari, kitanda cha nane, mpira una siku tano, na mzee anatembea.” Leo alikubali. Nilifyonza kwa sirinji maji yote ya puto linaloushikilia mpira ndani ya kibofu, nikautoa taratibu, nikamwomba mzee anywe maji na akojoe ndani ya kopo lake.

Saa nane mchana alirudi kutoka msalani na fimbo yake, amelishika kopo kwa uangalifu. “Sista, nimeweza.” Mililita 300. Nikaandika kwenye chati.